Nimemaliza The Lord of the Rings: shujaa kushindwa hatua ya mwisho ni udhaifu wa riwaya?

Msomaji wa Usiku

Wanajukwaa, salaam. Nimemaliza kusoma The Lord of the Rings ya J. R. R. Tolkien, juzuu zote tatu pamoja na sehemu kubwa ya viambatisho, nami naomba tuijadili kwa utulivu, kwa kuwa nimeifunga nikiwa na pongezi nyingi na dukuduku moja lisilonitoka. Nitataja mwisho wa hadithi waziwazi, hivyo asiyetaka kuujua mapema na aishie hapa.

Nianze na yaliyonifurahisha. Sijawahi kusoma riwaya ya fantasia ambayo ulimwengu wake una historia ndefu namna hii nyuma ya kila jiwe. Magofu wanayopita wasafiri yana wajenzi wenye majina, nyimbo zinazoimbwa njiani zinawataja watu waliokufa maelfu ya miaka kabla ya sura ya kwanza, na mtu akitaja mto au kilima, ukifungua ramani unaukuta pale pale alipousema. Tolkien alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford na mtaalamu wa lugha za kale, na alianza kubuni lugha za Waelfi, moja ya jamii za ulimwengu huo, miaka mingi kabla ya kuiandika riwaya hii. Jambo hilo linajionyesha katika majina, ambayo hayasikiki kama yameokotwa njiani bali kama ndugu wa ukoo mmoja.

Malalamiko yangu ni matatu, mawili madogo na moja kubwa. La kwanza ni mwendo. Sherehe ya Bilbo, mhobiti (jamii ya watu wafupi) mwenye Pete ya nguvu, ya kutimiza miaka 111 imechukua sura nzima, kisha miaka 17 inapita kabla Frodo, mrithi wake, hajaondoka na Pete hiyo, na hata akishaondoka anatumia sura kadhaa katika msitu jirani na nyumbani kwa Tom Bombadil, mtu wa ajabu anayeimba mashairi ya kuchekesha na ambaye hatumwoni tena. Baraza la nyumbani kwa Elrond, bwana wa Waelfi wa Rivendell, nalo ni sura ndefu ya watu walioketi wakizungumza. La pili ni mpangilio wa juzuu ya pili: Frodo na Sam, mtumishi wake, hawaonekani kabisa kwa sura 11 mfululizo, wanarudi kwa sura 10 ambazo wenzao wote hawamo, Frodo anatekwa na maorki, askari wa adui, halafu juzuu ya tatu inatungojesha sura nyingine 10 kabla ya kutuambia yaliyompata.

Lakini kubwa ni mwisho wenyewe. Frodo anafika kwenye ukingo wa moto ndani ya Mount Doom, mlima ilimofuliwa Pete na pekee inapoweza kuangamizwa, na badala ya kuitupa Pete anatangaza kwamba ni mali yake, kisha anaivaa. Pete inaangamia kwa sababu Gollum, kiumbe aliyekuwa na Pete kabla ya Bilbo, anamng'ata kidole, anaipata, anarukaruka kwa furaha na kukosa pa kukanyaga. Niliusoma ukurasa huo mara mbili nikidhani kuna mstari nimeuruka. Baada ya mateso yote yale, dunia nzima inaokolewa na kiumbe aliyeteleza? Tena baada ya hapo hadithi inaendelea kwa sura sita, ikiwa ni pamoja na ugomvi wa kijijini ambao kwa macho yangu ulikuwa mdogo mno kufuata anguko la Sauron, adui mkuu aliyeifua Pete. Je, huu ni udhaifu wa utunzi, au mwandishi aliuandaa mwisho huu mahali ambapo msomaji wa mara ya kwanza haoni?

Kalamu ya Mwanzi

Ndugu mleta mada, umeligusa jambo ambalo ndilo moyo wa riwaya hii. Mwisho huo umeandaliwa tangu sura ya pili ya juzuu ya kwanza, na umeandaliwa waziwazi kiasi kwamba tunaupita kwa kudhani ni maelezo ya utangulizi tu.

Rudi kwenye mazungumzo ya mchawi Gandalf na Frodo mbele ya meko. Gandalf ameshamweleza Pete ni nini, na Frodo anauliza kwa nini isiharibiwe tu. Gandalf anamwambia ajaribu. Frodo anaitoa mfukoni akiwa na nia kamili ya kuitupa katikati ya moto, anaitazama, anaona jinsi dhahabu yake ilivyo safi na umbo lake lilivyotimia, anaipima kiganjani, anasita, anajikaza, mkono unafanya kama unaotupa, halafu anatambua kwamba ameirudisha mfukoni. Wakati huo yuko nyumbani kwake, hana jeraha hata moja, na yuko mamia ya maili kutoka mahali ilipofuliwa. Ikiwa hakuweza kuitupa katika meko yake mwenyewe, ambamo moto wake usingeweza hata kuiyeyusha, angewezaje kuitupa ndani ya mlima ambako nguvu ya Pete ni kubwa kuliko mahali pengine popote, akiwa amechomwa jambia na Nazgûl, mtumishi wa Sauron, ametiwa sumu na buibui mkubwa Shelob, ana njaa na kiu, na hakumbuki tena ladha ya chakula wala sauti ya upepo? Tolkien alituonyesha jaribio la mwisho kwa kipimo kidogo, na alituonyesha matokeo yake pia.

Katika mazungumzo yale yale Frodo anasema ni bahati mbaya kwamba Bilbo hakumuua Gollum alipopata nafasi. Gandalf anamjibu kwamba huruma ndiyo iliyouzuia mkono wa Bilbo, kwamba Gollum huenda bado ana jambo la kutimiza, jema au baya, kabla ya mambo kwisha, na kwamba huruma hiyo inaweza kuja kuamua hatima ya wengi. Msomaji anaichukua kauli hii kama hekima ya mzee, anaitikia kwa kichwa na kusonga mbele. Sasa hesabu waliopata nafasi ya kummaliza Gollum baada ya hapo. Aragorn, mrithi wa ufalme wa wanadamu, alimkamata, akamkokota safari ndefu na kumkabidhi kwa Waelfi. Waelfi walimhurumia hata wakamruhusu kupanda mti apate hewa, na kwa huruma hiyo akatoroka. Frodo alimwacha hai kwenye miamba ya Emyn Muil, kisha akamwokoa tena kwenye bwawa lililokatazwa, wakati wapiga mishale wa Faramir, nahodha wa Gondor, walikuwa tayari kumlenga. Wa mwisho ni Sam, ambaye hakuwahi kumpenda hata siku moja. Kwenye mteremko wa Mount Doom anasimama juu ya Gollum na upanga mkononi, naye anashindwa kuushusha, kwa kuwa yeye mwenyewe aliibeba Pete kwa muda mfupi na anaanza kuelewa maisha ya yule kiumbe yalivyokuwa. Ondoa huruma moja tu katika mnyororo huo, na hakuna atakayekuwapo ukingoni kumng'oa Frodo kidole.

Kuhusu kuteleza, liko jambo jingine ambalo wengi hawaliunganishi. Gollum aliapa kwa Pete kwamba atamtumikia Frodo, na Frodo alimwonya hapo hapo kwamba Pete ni ya hila na itayapindua maneno yake. Kisha, kurasa chache tu kabla ya tukio unalolilalamikia, Frodo akiwa ameishika Pete kifuani anamwambia Gollum kwa sauti ya amri kwamba akimgusa tena, atatupwa yeye mwenyewe katika Moto. Gollum akamgusa. Mwandishi hakutaja laana wala hakuturudisha kwenye onyo lile, ametuachia tuunganishe wenyewe, na kwa maoni yangu huo ndio ustadi.

Kama bado unashuku kwamba ni bahati nasibu, itazame historia ya kitabu kilichotangulia. Katika toleo la kwanza la The Hobbit, lililotoka mwaka 1937, Gollum alikuwa tayari kumpa Bilbo pete kama zawadi ya kushinda mashindano ya vitendawili, na alipoikosa aliomba radhi na kumwonyesha njia ya kutoka. Hakukuwa na Bilbo aliyesimama gizani na upanga akiamua kutoua. Tolkien aliiandika upya sura hiyo, na toleo lililorekebishwa likatoka mwaka 1951. Ile simulizi ya zamani nayo hakuitupa, bali aliigeuza kuwa uongo ambao Bilbo mwenyewe aliusema kwa sababu Pete ilikuwa imeanza kumharibu. Mtunzi anayerudi kukifumua kitabu ambacho kimekwisha kusomwa na watu, ili tendo moja la huruma liwe na mizizi, hakumalizia hadithi yake kwa kubahatisha.

Naye mwenyewe aliwahi kulijibu swali lako. Katika barua aliyomwandikia msomaji mmoja mwaka 1963, alisema kwamba haoni kushindwa kwa Frodo kuwa ni kushindwa kimaadili, kwa kuwa mahali pale na wakati ule shinikizo la Pete lilikuwa limefikia kilele ambacho hakuna ambaye angeweza kulistahimili. Wajibu wa Frodo ulikuwa kufika pale akiwa ametoa kila alichonacho. Alifika.

Ramani Mkononi

Kuhusu Gollum sina la kuongeza, lakini siwezi kukubali Tom Bombadil aondoke kwenye mada hii bila wakili.

Wahobiti wanapotoka nyumbani kwake wananaswa katika makaburi ya kale ya vilimani, na Tom ndiye anayekuja kuwatoa. Kutoka katika hazina ya kaburi anachagua majambia manne marefu na kumpa kila mmoja lake. Tunayasahau kwa mamia ya kurasa. Kisha, katika vita vya Pelennor, mhobiti Merry anamchoma Mfalme Mchawi wa Angmar, mkuu wa Nazgûl, nyuma ya goti kwa jambia hilo hilo, na Éowyn, binti wa kifalme wa Rohan, anapata nafasi ya kumaliza kazi. Mwandishi anasimama katikati ya vita, jambo asilolifanya mara nyingi, kutueleza kwamba silaha hiyo ilifuliwa zamani katika ufalme wa kaskazini wakati adui mkuu wa ufalme huo alikuwa ni huyo huyo Mfalme Mchawi, kwamba hakuna silaha nyingine ingempa jeraha chungu kama lile hata mikononi mwa mtu mwenye nguvu zaidi, na kwamba fundi aliyeifua angefurahi kujua ilikoishia. Filamu za Peter Jackson za mwaka 2001 hadi 2003 zilimwacha Bombadil kabisa. Kwa filamu nauelewa uamuzi huo, ila uzito wa pigo lile ulipotea pamoja naye.

Liko na jingine dogo. Tom anaivaa Pete na hapotei machoni pa watu. Frodo akiivaa, Tom anamwona kama kawaida. Kabla hatujafika mbali tumeshaonyeshwa kwamba yupo kiumbe asiyetawaliwa na Pete, na baadaye kwenye baraza tunaambiwa kwa nini hata yeye hawezi kukabidhiwa: angeisahau, au angeitupa tu, kwa kuwa mambo kama hayo hayana nafasi akilini mwake. Nyimbo zake, naam, zingeweza kupunguzwa.

Baraza la Elrond sitalitetea kwa nguvu. Ni refu. Jaribu tu kulisoma kama kesi ambayo kila shahidi ana kipande kimoja cha ushahidi na hakuna aliye navyo vyote, mpaka Gandalf anaposimulia usaliti wa mchawi mwenzake Saruman, na Mwelfi Legolas anapotamka kwa unyonge kwamba Gollum ametoroka.

Mhakiki Mgumu

Nimefuatilia michango iliyotangulia kwa furaha na naafiki maelezo ya Kalamu ya Mwanzi kuhusu mwisho. Hata hivyo, sifa tunazoimiminia riwaya hii zisitufumbe macho, kwa kuwa mleta mada ameomba maoni na si ibada.

Udhaifu ninaouona mimi hauko mwishoni. Uko katika watu ambao mwandishi amechagua kuwatazama. Wasafiri tisa wanaoondoka Rivendell wote ni wanaume. Éowyn amechorwa vizuri mno, na hofu yake ya kufungiwa ndani kama ndege katika tundu hadi uzee umzoeze ni miongoni mwa kauli kali kuliko zote kitabuni, lakini yuko karibu peke yake. Galadriel, bibi mkuu wa Waelfi, ana tukio moja kubwa sana, pale anapopewa Pete na kuikataa, kisha anabaki nyuma ya pazia. Arwen, binti wa Elrond ambaye Aragorn anamngoja kwa miongo kadhaa, ni nadra mno kusema neno ndani ya hadithi, na simulizi ya mapenzi yao imewekwa katika kiambatisho, ambako naamini wasomaji wengi hawafiki. Nimeisoma, na ni nzuri kiasi cha kuniudhi kwamba iliwekwa huko.

La pili ni maorki. Mwishoni mwa juzuu ya pili, Sam akiwa amejificha anawasikiliza manahodha wawili wa maorki, Shagrat na Gorbag, wakipiga soga. Wanalalamika juu ya wakubwa wao, wanaogopa kuchongewa, wanatamani vita viishe ili watoroke na vijana wachache waaminifu waanzishe maisha yao mahali pasipo na mabwana. Gorbag anafikia hatua ya kumlaani yule shujaa asiyejulikana, kumbe ni Sam, kwa kumwacha mwenzake, yaani Frodo, akiwa amelala njiani, akisema hiyo ni tabia ya Waelfi. Muda si mrefu wanacheka wakikumbuka walivyomkuta mwenzao mmoja, Ufthak, akining'inia hai katika utando wa Shelob, wakamwacha hapo hapo. Ni mazungumzo ya kuchekesha, ya kutisha, na ya kibinadamu mno. Mwandishi ametufungulia mlango, tumeona kwamba ndani kuna nafsi, kisha ameufunga. Pete inapoangamia, jeshi la maorki linafananishwa na wadudu waliofiwa na malkia wao, wanaotangatanga ovyo hadi kufa, na hakuna anayejiuliza kama miongoni mwao alikuwamo mtu kama Gorbag.

Nasema hivi kwa kuwa Tolkien alikuwa na uwezo wa kujiuliza. Sam anapoiona maiti ya askari wa kusini huko Ithilien, anawaza jina lake lilikuwa nani, kama kweli alikuwa mwovu moyoni, na ni uongo gani au vitisho gani vilivyomtoa kwao. Hizo ni sentensi chache tu, na zina uzito kuliko kurasa nyingi za vita. Ningependa sana kuona jicho hilo likielekezwa ng'ambo ya pili mara nyingi zaidi.

Kwa mwendo wa polepole, namuunga mkono mleta mada bila masharti. Maelezo ya mandhari kati ya Emyn Muil na lango la Mordor, nchi ya Sauron, yananichosha, na kila ninaporudia kitabu hapo ndipo ninapokiweka mezani kwa muda.

Msomaji wa Usiku

Nawashukuru wote. Baada ya maelezo ya Kalamu ya Mwanzi nimerudi kwenye juzuu ya pili kuifuatilia huruma hiyo, na nimekuta tukio ambalo naona linaingia katika hoja yake kwa upande wa kinyume. Kwenye ngazi za Cirith Ungol, Gollum anarudi na kuwakuta Frodo na Sam wamelala. Uso wake unabadilika, anaonekana kama mzee aliyechoka, ananyoosha mkono unaotetemeka na kuligusa goti la Frodo kwa upole. Sam anazinduka, anamkaripia na kumwita mnyatiaji, na lile jambo lililokuwa linataka kutokea linakufa palepale. Kwa hiyo mtu mwema kuliko wote katika hadithi ndiye aliyeufunga mlango wa toba ya Gollum, tena bila kujua, na kama Gollum angetubu sijui Pete ingeangamizwa na nani. Hilo limenifikirisha kuliko mwisho wenyewe.

Kwa mwendo bado nina msimamo wangu. Mbegu kupandwa mapema hakumfanyi mkulima aruhusiwe kutueleza habari za kila tuta. Lakini bado sijajibiwa mawili: mpangilio wa kuwatenganisha wahusika kwa sura nyingi hivyo, na zile sura sita za baada ya Mount Doom. Ikiwa kilele kimepita, kwa nini mwandishi hakutuaga mapema?

Kurasa za Mwisho

Nitajaribu yote mawili, kwa kuwa nadhani yanajibika pamoja.

Kwanza, Tolkien hakuandika riwaya tatu. Aliandika moja yenye sehemu sita, na wachapishaji George Allen & Unwin wakaigawa katika juzuu tatu kwa sababu ya gharama na uhaba wa karatasi wa baada ya vita. Juzuu ya pili ilitoka Novemba 1954 na ya tatu Oktoba 1955. Wasomaji wa kwanza, basi, waliachwa na Frodo aliyetekwa kwa karibu mwaka mzima, kwa hiyo wewe na sura zako 10 una nafuu kubwa.

Utengano huo una kazi yake, na kazi hiyo inaonekana mbele ya Lango Jeusi la Mordor. Mjumbe wa Sauron anatoka na kuwaonyesha Gandalf na wenzake vitu kimoja baada ya kingine: upanga mfupi wa Sam, joho la kijivu lenye kishikizo cha Waelfi, kisha deraya ya mithril, madini adimu, aliyokuwa ameivaa Frodo. Pippin, mhobiti mwenzao, anapiga ukelele. Wewe msomaji unajua kwamba Frodo alikamatwa na kwamba Pete ilibaki kwa Sam, lakini hujui zaidi ya hapo, na huna hakika kama Sam naye hajakamatwa. Gandalf anakataa masharti ya mjumbe bila kuwa na uthibitisho wowote kwamba Pete haijapatikana. Laiti mwandishi angekuwa anaturukisha huku na huko kila sura, kama hadithi nyingi za namna hii zinavyofanya, tungefika langoni tukijua kila kitu, na uamuzi wa Gandalf ungekuwa mchezo wa kuigiza tu mbele yetu. Kwa kututenga na Frodo, ametulazimisha tuamue pamoja na Gandalf, gizani.

Ama sura sita za mwisho, naomba uzisome ukikumbuka alichokieleza Kalamu ya Mwanzi, kwamba ndani ya mlima Pete ilimshinda Frodo. Mtu aliyeshindwa namna hiyo hurudije nyumbani? Tolkien alipigana katika mapigano ya Somme mwaka 1916 akiwa kijana wa miaka 24, na katika dibaji ya toleo la pili aliandika kwamba kufikia mwaka 1918 marafiki zake wa karibu walikuwa wamekufa wote isipokuwa mmoja. Katika dibaji hiyo hiyo alikataa kitabu chake kisomwe kama fumbo la vita yoyote, na tumheshimu katika hilo. Lakini alijua maana ya kurudi.

Ule ugomvi wa kijijini unaouona mdogo una mambo mawili ndani yake. Wahobiti wanarudi Shire, nchi yao, na kukuta miti imekatwa, ukiwamo ule wa sherehe ya Bilbo, kinu kinatema moshi na uchafu mtoni, na amri zimebandikwa kila mahali na wenzao wenyewe waliokubali kutumwa. Hakuna Gandalf wa kuwasaidia safari hii, amewaacha njiani makusudi. Merry na Pippin, walioondoka kama mizigo ya kubebwa na wengine, wanaongoza mapambano. Wahobiti 19 wanauawa Bywater. Frodo yuko pale, hachomoi upanga, na kazi yake yote ni kuwazuia wahobiti wenye hasira wasiwaue maadui waliotupa silaha. Anamzuia Sam asimuue Saruman hata baada ya Saruman kujaribu kumchoma kisu. Ile huruma mliyokuwa mkiifuatilia inaendelea hadi mlangoni pa nyumba yake mwenyewe.

Jambo la pili ni ugonjwa wa Frodo, ambao umeandikwa kwa sauti ya chini mno. Kila tarehe 6 Oktoba, siku aliyochomwa jambia Weathertop, na kila tarehe 13 Machi, siku aliyoumwa na Shelob, anaugua. Anaficha. Mara moja mkulima Cotton anamkuta kitandani ameshikilia kito cheupe kilicho shingoni mwake, akiwa kama yu ndotoni, akisema kwamba imekwenda milele, yaani Pete, na sasa kila kitu ni giza na tupu. Sam hayupo siku hiyo na haambiwi. Wakati huo huo Merry na Pippin wanapita mitaani na mavazi yao ya kivita wakishangiliwa, na Sam anaumia kuona jinsi Frodo alivyo na heshima ndogo katika nchi yake. Hadithi ingefungwa pale uwanja wa Cormallen, baada ya ushindi, wakati majeshi yanaimba sifa zake, tungeondoka tukiamini kwamba alipona.

Kuhusu mpangilio, kuna zoezi ninalolipenda ambalo linaweza kukufaa kabla hujaanza kusoma upya. Kiambatisho B kina orodha ya matukio kwa tarehe, na kinawaweka pamoja watu ambao sura zimewatenganisha. Tazama tarehe 14 na 15 Machi. Siku ambayo Minas Tirith, mji mkuu wa Gondor, imezingirwa, Sam anampata Frodo mnarani. Siku ambayo Merry anamchoma Mfalme Mchawi, hao wawili wanatoroka na kuanza safari ya kuvuka Mordor. Kisha shuka hadi tarehe 25, siku ya yule mjumbe na zile nguo, uone Frodo alikuwa wapi saa hizo. Baada ya hapo isome tena sura ya Lango Jeusi, na utuambie kama bado ungependa ipangwe vingine.